Mpishi wa Damu

Vijana wa Voi walipokuwa wakipiga filamu yao ya mauaji katika nyumba kuukuu ya reli, mama aliyewapikia chai ndiye aliyewapikia na damu. Alikoroga unga, sukari na rangi nyekundu taratibu, kama akorogavyo uji wa mgonjwa. Mtaani kwao mikono hiyohiyo ndiyo iliyoosha wanawake waliofariki kabla ya kuzikwa. Vijana walibishana kutwa ni nani hasa muuaji wa filamu aliyejifunika gunia la katani usoni. Yeye hakuuliza kamwe. Ila kila tukio lilipokwisha, alimwita aliyeuawa kwa jina, na hakushika mwiko tena mpaka aitikiwe.

Zamu ya Branice, mmoja wa waigizaji, ya kuuawa ilipofika, binti alitaka mzaha. Alilala sakafuni macho wazi, shingo imelowa rangi nyekundu. Mama akamwita. Hakupepesa hata jicho. Akamwita tena.

"Huyo ameenda, Mama," alisema Zubair, mshika kamera, na wenzake wakacheka.

Mama hakucheka. Alipiga magoti, akaunyosha mguu uliokuwa umepinda, akailaza mikono ya binti ubavuni. Kisha kiganja chake chenye joto kikashuka kuyafumba macho ya Branice. Mzaha ukamtoka binti.

"Niko, Mama. Niko hapa."

Mama alikaa kitako. Branice akamsogezea shingo ili amfute, lakini mama akamkabidhi kopo la maji.

"Nawa mwenyewe, mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba. "Nawa mwenyewe, nami nikuone."