Vibuyu vya Placide

Florentine alikuwa amechoka kusifiwa. Kila akipita njia ya Swima wanawake walimwambia anajua kutunza mume, mbona Placide amenenepa miguu hivyo. Miguu! Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki hapo linakutazama. Yale yalikuwa maji, na Placide, badala ya kushtuka, alikunja suruali ili watu waone vizuri.

Raphaël, muuguzi wa zahanati ya Baraka, alikwisha kusema wazi, tena mara tatu.

"Papa Placide, sukari iko mingi mu damu yako. Inakula nyama ya moyo polepole, hata hausikie maumivu. Moyo ikichoka, haiwezi kusukuma damu muzuri, maji inabakia mu miguu. Sindano itakusaidia, lakini pombe ya ndizi uache. Nyama yenye ilishakuliwa haitarudia."

Placide akaacha sukari kwenye chai, akajiona shujaa. Pombe hakuitia katika hesabu zake. Kazi yake ilikuwa ushenga, na kwa watu wake mshenga asiyemaliza kibuyu cha wakwe ni kama amemkataa binti yao. Ndoa ishirini na mbili zilikuwa zimepita kooni mwake. Sasa akipanda kwenda Lubondja alisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi, na usingizi aliupata ameegemea ukuta, maana akilala chali anakosa hewa. Florentine aliomba, akagomba, akanuna. Yote bure.

Siku ya kumposea mpwa wao Mashaka, Florentine alimfuata mumewe. Kibuyu kikaletwa, kimejaa povu. Placide akanyoosha mkono, anahema. Florentine akakiwahi, akanywa mpaka tone la mwisho mbele ya wanaume wote, akapangusa mdomo kwa kitenge.

Mzee Albert, baba wa binti, alimkodolea macho. "Mama, mushenga ni wewe?"

"Leo ni mi. Mutoto wenu tumemupenda. Bwana yangu munibakishie."

Albert akacheka na kukipokea kibuyu kitupu. Posa ikapita.

Placide hakucheka. Njiani alisimama, akasimama tena, na alipopata pumzi akasema, "Umenipatisha haya, Florentine."

Florentine alimshika mkono wakasubiri pamoja kifua kitulie, na safari hii kilichukua muda mrefu kuliko asubuhi. Haya hakuwa nayo hata chembe. Kilichomuuma ni kwamba amechelewa vibuyu ishirini na viwili.