Saa Niliyomwambia Wifi Yangu

Siku ya kwanza ya kazi niliingia biro, ofisi ya kiwanja cha ndege cha Kalemie, na viatu vya kuazima. Komanda, mkubwa wa kiwanja, hakuniuliza hata jina. Alinipa rula akanionyesha karta ya nchi ukutani. "Pima mpaka Lubumbashi."

Nikapima: kilometa mia sita na hamsini hivi.

"Avio, ndege yetu ndogo, inakwenda mia tatu kwa saa. Itatumia muda gani?"

Nikajibu upesi, najisifu: saa mbili na dakika kumi.

"Hapana, Mama. Hiyo njo saa ya karatasi. Upepo wa mbele unairudisha nyuma, mvua inaizungusha. Karatasi inabaki humu ndani. Jamaa wakiuliza, sema iko njiani, mpaka pilote mwenyewe aseme kwa radio kwamba anaona ziwa."

Nilishika sheria ile miaka mingi. Mjini waliniita mchoyo wa maneno. Haya, waseme!

Halafu mdogo wangu Kalunga akawa anarudi kutoka hospitali ya Lubumbashi, alikolazwa miezi mitatu. Asubuhi mke wake akaja dirishani. "Wifi, nipe saa tu. Mama hali, halali."

Roho ikanilainika. Avio yake ilikuwa imeruka saa mbili asubuhi. Nikamwambia: "Saa nne na dakika kumi."

Saa nne na nusu, kimya. Saa tano, kimya. Mawingu meusi yalisimama upande wa Moba. Nikaita kwa radio, nikaita tena. Nilipotoka kumtafuta wifi, nikaambiwa amerudi nyumbani kwa pikipiki, analia.

Komanda akanikazia macho. "Ulimupa saa?"

Nikarudi kwenye radio, nikaita tena.

Saa saba sauti ya pilote ikaingia. Alikuwa ameshuka Moba kungojea mvua ipite; sasa ameruka tena, anaona ziwa. Lo! Nilicheka na kulia pamoja.

Nikampeleka Kalunga nyumbani mimi mwenyewe. Tukakuta viti na vitanda vimetolewa nje, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, kilio kimepamba moto. Kalunga akaangusha begi. "Mama yangu! Mama amekufa!" Akashika ukuta.

Mama akatoka ndani, kichwa kimenyolewa kwa matanga. Alimpapasa mwanawe uso, mabega, vidole, kimoja kimoja. Kisha akanigeukia.

"Weye mutoto, umemuzika ndugu yako kwa rula."

Sasa nimestaafu. Vijana wana simu zinazoonyesha avio ikitembea, na siwalaumu. Moyo wa kungojea ni mgumu. Mama ametangulia. Kalunga angali anakwenda Lubumbashi kila mara kwa dawa zake. Hajanigombeza hata siku moja kwa jambo lile, ila siku ya safari haniambii. Simu inalia tu.

"Dada, nimefika," anasema, na hapo ndipo ninapojua kwamba alikuwa hewani.