Jibu la Darasani

Baada ya kufiwa na mke wangu nilijiunga na darasa la Kiingereza la jioni hapa mtaani kwetu, Ng'ambo. Nauza asali, na wageni waliokuwa wakienda Kwihara kuangalia nyumba ya zamani ya misafara walinipita tu, kwa kuwa sikuweza kuwaeleza chochote. Jirani yangu wa sokoni, mjane anayeshona mikoba ya vitenge, alijiunga kwa sababu hiyo hiyo. Tulizoea kurudi pamoja kwa miguu. Siku moja njiani nikamwambia ningependa tuoane. Aliendelea kutembea mpaka tulipofika kwake.

"Nitakujibu," akasema.

Wiki zikapita. Sikumuuliza tena; niliona haya.

Jioni moja mwalimu wetu, kijana kutoka Puge, alitufundisha kusema jambo lililo karibu kabisa kutokea. Akanyoosha kidole dirishani, ambako wingu lilikuwa limetanda, akanitaka nijaribu.

"The rain wants to fall," nikasema.

Mwalimu akatabasamu. "Kwa Kiswahili sawa, mzee, mvua inataka kunyesha. Kwa Kiingereza mvua haitaki kitu. Sema, it is about to rain. Ukisema 'will', inaweza kuwa hata mwakani. 'About to' ni sasa hivi, mtu ameshavaa viatu."

Akataka kila mmoja wetu atunge sentensi, tena iwe ya kweli. Mwenye duka mmoja akasema yuko karibu kusinzia, tukacheka. Zamu ya jirani yangu ilipofika, alisimama, akashika ukingo wa dawati, akasema taratibu, "I am about to get married."

Mwalimu akamsifu kwa kupatia. Yuko karibu kuolewa! Mimi sikusikia tena kilichofundishwa.

Tulipotoka, matone yalikuwa yameanza kudondoka.

"Ile sentensi," nikamuuliza, "ilikuwa zoezi tu?"

"Si kasema iwe ya kweli?"

"Mbona hukuniambia kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili ningelia," akasema, akajifunika mtandio kichwani.

Jumapili tulikwenda Isikizya kwa kaka yake mkubwa. Nilimwamkia shikamoo, ingawa nahisi ni rika langu. Akaitikia marahaba bila kusita, akanivutia kigoda karibu yake, kisha akamwita mkewe atenge chakula. "Shemeji amefika," akamwambia.