Inchi Mbili za Ziada

Kompyuta ndogo za kawaida zilikuwa na kioo cha inchi kumi. Hii ilikuwa na kumi na mbili, na kwa ajili ya hizo mbili nilibishana asubuhi nzima sokoni Kasulu. Kule Kibondo macho ya mama yalikuwa yanafifia. Alitaka kumwona marehemu baba mara moja tena, katika DVD ya harusi ya dada yangu, kabla giza halijamfunga kabisa.

Nilipima kioo mara mbili kwa futi ya fundi cherehani. Nilihesabu vitufe mara mbili. Ilikuwa nyepesi kuliko kilo mbili za maharage, na chaji yake ilidumu saa tano, jambo la maana kwa nyumba isiyo na umeme. Mwendo wake wa kobe niliutumia kupunguzia bei. Muuzaji, Mkongomani, akanicheka: "Mwalimu, unanunua mashine ao unaoa?"

Nilipofika Kibondo, mama alinipa sahani ya DVD aliyoifunga kwenye leso. Nikaigeuza kompyuta kushoto, kulia, kisha tena kushoto, kulia. Tundu la kuingizia DVD halikuwepo.

"Vipi, mwanangu?"

"Hakuna pa kuiingiza, mama. Kesho nitarudi Kasulu, fundi wa kompyuta aihamishie kwenye flashi."

Akapapasa kioo kile cheusi kwa kiganja, pembe hadi pembe.

"Kikubwa kweli," akasema. "Harusi nzima itaenea."