Siku Gari la Baba Litakapotembea

Mama alipoanguka mara ya pili kwenye ngazi za jikoni kwake, Mlandege mjini Iringa, nilimwambia sasa basi, funga mizigo, twende tukaishi wote Mbeya. Hakubisha. Mama yangu si mtu wa kubisha. Alimalizia kuchambua mboga, akafuta mikono kwenye kitenge, kisha akaelekeza kidevu kule uani lilikokuwa limelala gari la marehemu baba.

"Siku gari la baba yako litakapokuja kunichukua hapa mlangoni, nitapanda," alisema.

Nilifundisha fizikia zaidi ya miaka thelathini, na mtu akinipa swali, hata la kunikomoa, situlii mpaka nimelijibu. Nikamwambia haya mama, tumekubaliana. Akanitazama kidogo, halafu akaniuliza kama nitakula ugali au viazi.

Gari lenyewe ni landrova ya zamani, imenizidi umri. Baba aliinunua ikiwa tayari imechoka, akabebea mahindi na wagonjwa kutoka Idodi kuja mjini, na alipofariki iliegeshwa nyuma ya nyumba, basi. Kuku wakahamia. Walitagia kiti cha dereva na kulala juu ya usukani. Kabla sijaigusa ilinibidi nijenge banda jipya, maana mama alisema hawezi kuwafukuza wapangaji wasio na kosa.

Lori lililokuwa likirudi Mbeya tupu likaibeba mpaka nyumbani kwangu Iyunga. Mke wangu alitoka getini, akaizunguka mara moja akiwa amejishika kiuno.

"Baba watoto, si ulisema unaleta gari?"

Bodi la landrova ni la alumini, halishiki kutu, na hapo ndipo linapomdanganya mtu. Juu ukiosha linapendeza. Chini, chesisi ni chuma, na chuma cha gari letu kilikuwa kimekula mvua za miaka yote ile. Niligonga kwa nyundo ndogo, kipande kikabanduka kama ukoko wa sufuria na nyuma yake nikaona majani. Nilimwita fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, mzee wa Kinyakyusa asiyependa maneno mengi. Alilala chali chini ya gari kwa muda, akatoka, akajipangusa.

"Mwalimu, hii chesisi haipo. Imebaki kivuli chake tu."

Basi tukaanza kufungua. Boliti nilizimwagia mafuta ya taa na oili chafu jioni, nikazijaribu asubuhi, nikazimwagia tena. Zilizokataa kabisa tulizikata. Kila kitu kilichotoka nilikiweka kwenye kopo la maziwa lenye karatasi ya mwandiko wangu, na kila waya niliupiga picha kwa simu kabla ya kuuchomoa. Nilijiona bingwa. Kisha siku moja niliinama juu ya ndoo ya dizeli niliyokuwa nikioshea springi, na simu ikateleza kutoka mfuko wa shati ikazama na picha zote. Nilitukana kwa sauti mpaka mke wangu akafunga madirisha. Wiki tatu nilisimama mbele ya kichaka kile cha nyaya nikijaribu kukumbuka upi ulikuwa wa taa na upi wa honi, mimi niliyewafelisha watoto wa watu kwenye somo la umeme.

Gia boksi ilikaa sebuleni masika yote. Mvua za Mbeya hazina utani, na karakana yangu ilikuwa turubai na miti minne. Mke wangu aliifunika kitambaa cha kudarizi ili isimwaibishe, na wanajumuiya walipokuja kusali, mama mmoja akaweka kikombe chake cha chai juu yake na kusifu meza. Hatukumsahihisha.

Niseme wazi, nilikuwa na furaha. Tangu nistaafu sikuwahi kuamka na hamu namna ile. Nilikwangua rangi kwa msasa na burashi ya waya, chini ya kijani nikakuta kijivu, chini ya kijivu nikakuta bluu ambayo hata mimi sikuikumbuka. Kila mahali nilikutana na mikono ya baba. Alikuwa na tabia ya kufunga kitu kwa waya mizunguko mitatu, ncha akaikunjia ndani isimchome mtu. Nilipoukuta wa kwanza, kwenye bomba la radieta, nilikaa chini kabisa. Fundi alijifanya anatafuta spana.

Kila Jumapili baada ya ibada mama alipiga simu. Swali lake lilikuwa moja.

"Bado gari?"

"Bado, mama. Chesisi tumeshachomelea, sasa breki."

"Usijichoshe, baba. Pumzika. Hata mwaka."

Nilidhani ananihurumia, na nikaongeza bidii.

Masika ya pili yalipokwisha, injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliowatoa majirani ndani, ikazima, ikawaka tena na kutulia. Fundi alivua kofia. Mke wangu, aliyekuwa ameisema gari ile miaka miwili, alipanda wa kwanza na kudai azungushwe mtaani.

Safari ya kwenda Iringa ilinichukua siku nzima. Malori yote ya barabara ile yalinipita, hata yaliyobeba mbao. Mama alinisikia kabla sijakata kona ya kwake, maana nilipofika nilimkuta amesimama mlangoni. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akakiacha hapo.

"Limekuja kweli," alisema, kwa sauti ndogo.

Asubuhi nilimkuta tayari. Mabegi mawili, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni, na jogoo wake amefungwa miguu. Kuku wengine alikuwa amemwachia jirani, na huyo jirani alilia akishika mlango wa gari. Mama hakulia. Tulimwekea kigoda, akapanda, akakaa wima na jogoo mapajani. Nikaondoka nikijisikia mwanaume kuliko siku niliyooa.

Mafinga radieta ilichemka, nikasimama kuongeza maji. Kijana muuza asali akasogea dirishani kwa mama, akampa shikamoo, akamwona jogoo. Akamtaka. Alimsifu manyoya, akataja bei nzuri, akapandisha. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Siku atakapotaga, mjukuu wangu, njoo tuelewane."

Yule kijana alicheka, akamtakia safari njema, akaenda kwa gari jingine. Hakurudia kuomba.

Nilibaki nimeshika kopo la maji. Kwetu mtu mzima hamwambii mtu hapana. Hapana ni ukali, inamwachia mwombaji aibu. Unampa sharti lisilowezekana, anacheka, ameelewa, na kila mmoja anakwenda na heshima yake. Nimekulia humo. Nilishuhudia baba akiwajibu hivyo hata wachumba wa dada zangu. Muuza asali, mtoto asiyefikia umri wa wanangu, alielewa papo hapo. Mimi nilijibiwa uani Mlandege, na badala ya kucheka nikaenda kununua vyuma vya kuchomelea.

Na yeye, kwa kuwa alikuwa ametoa neno, alifunga mabegi.

Nilifunga mfuniko wa radieta. Nilijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo nilimpenda mama yangu kuliko siku zote. Nikawasha gari, nikasubiri lori moja lipite, kisha nikageuza, pua ikaelekea tulikotoka. Kichwani nilikuwa tayari nazibomoa zile ngazi za jikoni na kuzijenga upya, fupi, zenye vishikio pande zote mbili, na nikiona nitakaa kwake mpaka saruji ikauke na hata baada ya hapo.

Mama alitazama barabara, akanitazama mimi.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kukuuliza, mama. Unataka kuhamia Mbeya?"

Alimpapasa jogoo mgongoni mpaka tukamaliza mteremko mzima. Kisha akalisema neno ambalo, katika miaka yangu yote ya kuwa mwanawe, sikuwahi kumsikia akilitamka.

"Sitaki."