Ngamia wa Kuazima Amfuta Timiro Kwenye Orodha ya Mahindi

Saa tatu asubuhi, jua la Takaba limeshapata hasira. Timiro Diriye anamsukuma punda wake kwa kiwiko, madumu manne ya maji mgongoni mwa mnyama, huku akifanya mazoezi ya kujitetea mbele ya DO, afisa wa tarafa.

"Bwana DO, ile ngamia si yangu." Punda anatikisa sikio. "Umeona? Hata wewe huamini."

Timiro, mjane wa miaka 41, huuza maji, dumu moja shilingi tano. Ukame huu wa 1996 umemmalizia mbuzi wote thelathini. Ana watoto wanne na, kwa hesabu za serikali, ni tajiri.

Utajiri wenyewe ulikuwa ngamia mmoja. Siyad, binamu ya marehemu mumewe, alimwazima jike mwenye maziwa, kama jamaa wanavyofanyiana tangu zamani: kunywa, maziwa yakikatika mrudishe. Karani wa chakula cha msaada akamkuta ngamia mlangoni, akalikata jina la Timiro. Kilo kumi na tano za mahindi kila mwezi, kwaheri.

Akaenda kukata rufaa. Akaambiwa alete barua ya chifu. Chifu alikuwa safarini Mandera. Aliporudi, muhuri ulikuwa kabatini na ufunguo hauonekani. Wiki ya tatu karani akaisoma barua, akacheka.

"Mama, ngamia analala kwako, maziwa unakunywa wewe, halafu si wako? Mlete mwenyewe aseme."

Hapo ndipo kamba ilipokaza. Siyad naye anakula mahindi hayo hayo. Aliandikishwa kama mtu asiye na mfugo hata mmoja. Ngamia wake wengine walikuwa malishoni, mbali na kalamu.

"Abaayo, dada yangu, nikisema ni yangu, wananikata mimi," Siyad alimwambia. "Nina watoto saba."

Jioni ile ile akaja kumfungua ngamia. "Sasa huna kitu. Kata rufaa yako."

"Wallahi, amenisaidia sana," Timiro anasema. "Mahindi hakuna, maziwa pia hakuna. Na karani ameniuliza nimeuza ngamia pesa ngapi."

Kwa nini asimtaje Siyad?

"Watoto saba wakose ndio wangu wanne wapate? Hiyo ni rufaa ama ni wizi?"

Alhamisi atasimama mbele ya DO, aseme ukweli wote isipokuwa jina. Akirudishwa kwenye orodha, kilo ya kwanza ni uji wa Lul, kitinda mimba wake, ambaye bado hupeleka kikombe kwenye kigingi cha ngamia.

Anashusha dumu la mwisho, anampangusa punda vumbi usoni.

"Alhamisi huyu nitamficha," anasema. "Huyu ni yangu kweli."