Shuka Hukunjwa na Wawili

Yule mama dobi alikunja mashuka ya hospitali na mumewe miaka thelathini na ushee. Kazi yenyewe haina siri: huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnavuta, mnakung'uta, kisha mnaendeana mpaka vidole vikutane. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Mzee alikuwa na maringo yake. Kila akirudi nyuma alitia kiuno kama yuko ngomani, akidai shuka lisilochezewa halilali vizuri. Mkewe alimwambia aache upuuzi, huku kiuno chake mwenyewe kikijibu.

Mzee akafa. Watu walimngoja mama alie, wakachoka kungoja. Alirudi kazini macho makavu, akapigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika pembe mbili hapo na kukunja na ukuta. Waliojitolea kumsaidia aliwaambia heri ukuta, hauna mdomo. Haya, lakini mabega yalikakamaa kama mbao, mikono ikagoma kuinuka kupita kifua, na usingizi ukamkimbia.

Msimamizi akamwita. Mashuka yanatoka upande, wauguzi wanalalamika. Ama akubali mwenzake, ama ahamie mlangoni kupokea nguo chafu. Mama akachagua mwenzake. Kwingine kote mumewe alikuwa ameshaondoka. Kwenye mashuka tu ndiko alikobaki.

Kesho yake akaletewa mwanamke mmoja waliyemwita Kelele, na jina halikumwonea. Kelele alizichomoa pembe kwenye misumari.

"Mama, ukuta haujui kurudi nyuma. Shika huko."

Akashika, kwa shingo upande. Wakavuta, wakaendeana, vidole vikagusana. Kurudi nyuma, kiuno cha mama kikaenda chenyewe, bila ruhusa. Kelele akarudi wima kama askari wa gwaride. Mama akasimama katikati ya hatua, shuka likamponyoka.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka. Hukutia kiuno."

"Kiuno gani tena? Mimi nimekuja kukunja."

Basi ikabidi amwonyeshe. Polepole: weka mguu, shusha pumzi, mabega yaachie, ndipo kiuno kifuate. Kelele alikosea, akacheka, akakosea tena. Shuka la tatu mikono ya mama ilipita kifua. La tano ikapita kichwa, na hapo kitu kikamkatika ndani, machozi yakamwagika kama bomba lililopasuka. Hakusimama. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi, analia na kutia kiuno, na Kelele, kwa mara ya kwanza toka aajiriwe, akafunga mdomo. Walikunja mpaka rundo likaisha. Mawili yaliyolowa wakayaanika upya.

Kelele akauliza kama aje na kesho.

"Njoo. Lakini usijifanye yeye."

"Nani?"

Mama alifunga khanga yake, akashika njia peke yake jua lingali juu, nyumbani hakuna wa kumuuliza kwa nini macho ni mekundu. Machozi yalikuwa bado yanakuja. Akayaacha yaje.